Sangara tuliowaachia walielea tumbo juu: tufanyeje siku yetu ya mishipi mwezi Oktoba?

"Mtaalamu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha wavuvi wa mishipi hapa Mwanza. Wengi wetu tuna kazi zetu mjini na huvua siku za mapumziko. Mwezi Machi tuliandaa siku ya kuvua pamoja, mashua 14, watu 52 pamoja na vijana wetu. Tulikubaliana kwamba kila sangara apimwe uzito kisha aachiwe hai, kwa sababu baadhi yetu walikwenda Murchison Falls, Uganda, wakawaona wageni wakifanya hivyo na samaki wakiondoka salama. Tulitoka saa kumi alfajiri, tukavua nje ya mdomo wa ghuba, mahali ambapo kipima kina kilionyesha mita 30 hadi 35. Samaki tuliwaweka kwenye madiramu ya maji hadi mashua ya mizani ipite. Tulipowaachia, zaidi ya nusu walielea tumbo juu, wengine wakiwa na kitu kama utumbo kimetokeza mdomoni, na jioni watu wa mwaloni, pale mashua za uvuvi zinapotia nanga, walikuwa wakiwaokota. Mzee mmoja alituambia kuwa chuma cha ndoana zetu kimewatia sumu. Mwenzetu anasema tuwe tunakitoboa kile kinachotokeza ili hewa itoke, na mwingine anasema tuwatupe kwa nguvu ili washtuke na kuzama. Tunataka kurudia mwezi Oktoba. Tufanyeje ili samaki waishi, au tuache kabisa kuwaachia?"

Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na nimeona kwamba linalokusumbua si idadi tu ya samaki waliokufa. Mlitoka nyumbani na nia njema, mkawaleta vijana wenu waone namna ya kulitunza ziwa, halafu jioni wakaona sangara wakiokotwa majini kama takataka. Jambo hilo linauma, na ni vyema kwamba mmeuliza kabla ya kurudia.

Nianze na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu zake. Samaki wenu waliuawa na kina, na ndoana haihusiki sana. Sangara aliyepandishwa haraka kutoka mita 30 au 35 huwa ameshaumia ndani kabla hamjamtia mkononi, na diramu la maji mlilomweka likamalizia kazi. Kwa hiyo swali la kwanza la Oktoba ni mahali mtakapovua. La pili ni namna mtakavyomrudisha chini yule aliyetoka kwenye kina. Na la tatu, ambalo naona mmeliogopa bila sababu, ni kukubali kwamba baadhi ya samaki hawafai kuachiwa bali kuliwa.

Ili uelewe kilichotokea, inabidi tulitazame bondo. Wewe ni mtu wa Mwanza, kwa hiyo umeona mabondo yakianikwa na unajua kwamba wafanyabiashara huyatafuta kuliko hata minofu. Lakini ukipata nafasi, simama kando ya meza ya kupasulia samaki mwaloni na utazame bondo likiwa bado mahali pake. Ni mfuko mweupe, mgumu kidogo, uliolala chini ya uti wa mgongo karibu urefu wote wa tumbo, nao umejaa gesi. Kazi yake ni kumfanya samaki asizame wala asielee, ili akae katika kina alichokichagua bila kuchoka kupiga mapezi. Samaki wengine, kama ningu wetu, wana mrija unaounganisha mfuko huo na koo, hivyo wanapopanda huweza kuitoa gesi iliyozidi kupitia mdomoni. Sangara mzima hana njia hiyo. Bondo lake limefungwa pande zote, na gesi huingia na kutoka kupitia damu tu, polepole, kwa muda wa saa nyingi. Akipanda mwenyewe taratibu kufuata dagaa au furu, mwili wake hupata nafasi ya kujirekebisha. Akivutwa na mshipi wako kwa dakika tatu, hapati nafasi hiyo.

Sasa weka hesabu ya shinikizo juu ya hilo. Kila mita kumi za maji huongeza shinikizo linalokaribia lile la hewa yote iliyo juu yetu tukiwa pwani. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi, hivyo tofauti kati ya chini na juu ni kubwa hata kuliko ilivyo baharini. Samaki anayetolewa mita 10 hadi juu ya maji ya ziwa letu, gesi ya bondo lake hutaka kutanuka zaidi kidogo ya mara mbili. Akitolewa mita 20, ni zaidi ya mara tatu, na akitolewa mita 30, ni zaidi ya mara nne. Tumbo la samaki halina nafasi ya mfuko ulioongezeka mara nne. Bondo hunyooka, mara nyingi hupasuka, na gesi husukuma kila kilicho mbele yake: macho hutoka nje, viputo huonekana chini ya ngozi na kwenye mapezi, na tumbo la chakula husukumwa hadi likapinduka na kutokeza mdomoni.

Hicho ndicho kitu mlichokiona mkadhani ni utumbo. Kina rangi ya waridi na unene wa kidole gumba, na kwa mtu asiyekijua hufanana na puto linaloomba kutobolewa. Ndugu yangu, msikitoboe kabisa. Ni tumbo lake la chakula lililopinduliwa nje kama soksi, na gesi inayomsumbua haimo ndani yake. Iko nyuma, ndani ya uwazi wa mwili. Ukilitoboa umemfungulia kidonda kinachoingiza maji na vijidudu mahali pabaya, na tatizo lake la kuelea umeliacha palepale. Wako watafiti wanaotumia sindano maalumu kuitoa gesi kupitia ubavuni, lakini kazi hiyo inahitaji mtu anayejua hasa moyo, ini na figo vimekaa wapi. Kisu cha mashuani mikononi mwa mtu mwenye furaha ya kupata samaki hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Kuhusu kumtupa kwa nguvu, naelewa wazo lilikotoka, kwa kuwa samaki aliyechoka huonekana kuamka anapogonga maji. Anachofanya ni kupiga mkia mara mbili tatu kwa mshtuko, akashuka mita moja, kisha gesi ikampandisha tena akiwa ameumia zaidi na amemaliza nguvu kidogo alizobaki nazo. Sangara anayeelea amegeuzwa boya na gesi iliyo ndani yake, na boya halizamishwi kwa kulitisha.

Na mzee wa mwaloni? Mheshimuni, kwa sababu ameona samaki wengi kuliko mimi na wewe, na aliona sawasawa kwamba waliokufa walikuwa ni wale wa mishipi yenu. Ndoana za kawaida hata hivyo hazina sumu ya kumwua samaki ndani ya nusu saa. Wavuvi wa makokoro na wa nyavu hawaachii samaki, kwa hiyo mzee huyo huenda hajapata sababu ya kumtazama sangara wa kina kirefu akijaribu kurudi chini. Mkialika wazee kama yeye mwezi Oktoba na kumpasulia mmoja wa samaki hao mbele yao, bondo lililopasuka litaeleza kuliko mimi.

Mfano wa Murchison nao si wa uongo, ila umekosa kipimo kimoja. Pale watu huvua sangara katika Mto Nile chini ya maporomoko, kwenye maji yanayokwenda kasi, yaliyochanganyika vizuri na hewa, na mara nyingi samaki hushikwa karibu na ukingo au juu ya miamba isiyo na kina kirefu. Sangara wa namna hiyo akiachiwa ana uchovu wa kupambana tu, na maji yale humrudishia pumzi. Ninyi mlichukua desturi ya mtoni mkaipeleka kwenye mita 35 za ziwa. Samaki ni yuleyule, lakini safari yake ya kupanda haikuwa ileile.

Hapa niongeze jambo dogo ambalo wavuvi wengi wa mishipi hulikosea. Kipima kina hukuonyesha sakafu ya ziwa, wala hakisemi samaki wako alikuwa wapi. Unaweza kuwa juu ya mita 35 na ukampata sangara kwenye mita 12, hasa katika miezi ambayo maji ya chini yana oksijeni kidogo. Ziwa letu hujipanga kwa tabaka kuanzia karibu Oktoba hadi Aprili, maji ya chini yakakosa hewa safi, kisha upepo wa kusi wa katikati ya mwaka hulichanganya tena. Sangara huvumilia upungufu wa oksijeni vibaya kuliko sato, kwa hiyo huhama. Dawa yake ni rahisi: fungeni uzi wa rangi kwenye mshipi kila baada ya mita tano. Mkimkamata samaki mtajua ametoka kina gani, na uamuzi wa kumwachia au kumweka utafanywa kwa kipimo badala ya huruma.

Sasa niseme juu ya yale madiramu. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na kwenye mwinuko wetu hubeba kidogo zaidi. Katika nyuzi joto 25, lita moja ya maji ya ziwa iliyojaa hewa kadiri inavyoweza huwa na miligramu saba hivi za oksijeni. Diramu la lita 100 basi lina chini ya gramu moja. Mtie humo sangara wa kilo sita aliyepambana hadi misuli ikajaa asidi, anayehema kwa nguvu zote, kisha mwongeze mwenzake, kisha liache diramu juani hadi mashua ya mizani ipite. Matamvua huanza kufunguka kwa haraka, rangi hupauka, samaki hulala ubavu. Huyo hata kama angekuwa ametoka mita tano asingekuwa na nafasi nzuri. Na akitundikwa kwenye mizani kwa taya, uzito wa mwili wote ukivuta mifupa ambayo majini haijawahi kubeba chochote, mnamwongezea jeraha lisiloonekana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mwachane na mizani na madiramu. Pimeni urefu. Chukueni ubao laini uliopigwa mistari ya sentimita, au kipande cha turubai kilichochorwa hivyohivyo, kiloweshwe maji, samaki alazwe juu yake kwa mikono iliyolowa, apigwe picha ya simu pamoja na kadi yenye namba ya mashua, kisha aende. Zoezi zima lisizidi nusu dakika nje ya maji. Mikono mikavu na sakafu kavu ya mashua huondoa ute unaoilinda ngozi yake, na jeraha la ngozi katika maji ya joto hushika ukungu upesi. Ndoana nazo zibanweni mwiba kwa koleo, ili zitoke bila kupasua. Mtapoteza samaki wawili watatu waliolegea mshipi, na mtaokoa muda mwingi kwa waliobaki.

Ushauri wa pili ni mahali. Kama shabaha yenu ni kuachia, vueni katika mita 10 au pungufu. Ghuba ya Mwanza ina sehemu nyingi za kina hicho, na penye ncha za miamba sangara wazuri hupatikana hasa asubuhi na jioni. Lakini nisikufiche upande wa pili wa shilingi. Maji mafupi, hasa vidaka vyenye majani na matete, ndiko wanakokulia sangara wadogo na ndiko sato wanakozalia. Mkipeleka mashua 14 kwenye kidaka cha namna hiyo mtawapata wadogo tupu, na baadhi ya maeneo hayo yamefungwa kisheria kwa kuwa ni mazalia. Chagueni ncha za miamba zilizo wazi, mziache zile hori tulivu zenye kuvutia, na mkiona samaki watatu mfululizo chini ya sentimita 50, ondokeni pale. Mtumie pia chambo kikubwa. Chambo kidogo huwaita wadogo.

Nataja sentimita 50 kwa sababu ndicho kipimo cha chini cha sangara kinachoruhusiwa, na kwa sato ni sentimita 25. Masharti kuhusu wale wakubwa wanaozidi sentimita 85 yamewahi kubadilika, hivyo mpate maelezo ya sasa kwa afisa uvuvi wa wilaya yenu, wala msitegemee ya miaka iliyopita. Sangara dume hukomaa akiwa mdogo kuliko jike, na majike wakubwa ndio wenye mayai mengi. Kwa hiyo yule mwenye urefu wa mita moja na zaidi, ambaye kila mtu anataka picha naye, ndiye anayestahili kuachiwa kwa uangalifu mkubwa kuliko wote. Ndiye pia mgumu kumrudisha akiwa ametoka kwenye kina.

Hapo ndipo unapoingia ushauri wa tatu, wa kumshusha samaki. Kanuni yake ni ileile iliyomuumiza, ila imegeuzwa: ukimrudisha chini, shinikizo huibana gesi tena, mwili hurudi katika umbo lake, na samaki hupata uwezo wa kuogelea. Baharini, watu wanaovua samaki wa miamba kwenye kina kirefu wanatumia njia hii na wameona wengi wakipona. Chombo chake unaweza kukitengeneza mwaloni. Chukua kreti la plastiki lenye matundu, kama yale ya kubebea samaki, uligeuze mdomo utazame chini. Funga kamba nne kwenye pembe za upande uliobaki juu, uziunganishe katika kamba moja ndefu iliyo na alama za mita. Kwenye ukingo wa chini fungia mawe au risasi za nyavu zenye uzito wa kilo tano au sita, zigawanywe sawa pande zote ili kreti lisilale. Injini ikiwa imezimwa, lishushe kreti hadi liwe limezama kidogo tu, umtelezeshe samaki chini yake. Yeye mwenyewe, kwa kuwa anaelea, atajibana kwenye dari la kreti. Halafu achia kamba kwa mwendo usiokwama. Mimi nimewahi kuinama ukingoni mwa mashua na kulitazama kreti likishuka: mita chache za kwanza unamwona samaki amelala ubavu kama amekwisha, kisha maji yanamficha, na unabaki kusikiliza kamba mkononi. Kwenye mita 15 au 18 niliisikia ikitikisika mara moja, nilipolipandisha kreti lilikuwa tupu, na hakuna samaki aliyerudi juu ingawa tulikaa pale karibu robo saa tukitazama.

Kwa sangara asiyeenea kwenye kreti, tumieni ndoana kubwa iliyosagwa mwiba wote. Kamba ifungwe kwenye mkunjo wa ndoana na uzito wa kilo tatu au zaidi uning'inizwe kwenye tundu lake, ili ncha itazame chini. Ichomwe kwenye ngozi nyembamba ya taya, mahali ambapo ndoana ya kwanza ilipita, na samaki ashushwe hadi karibu na kina alikotoka. Ukiikaza kamba kwa mkato mmoja, ndoana huchomoka. Fanyeni hivi ndani ya dakika mbili tatu tangu samaki afike juu. Baada ya hapo gesi inakuwa imekwisha kuingia kwenye tishu na damu, na kumshusha hakumsaidii sana. Aliyepasuka macho, anayetoka damu kwenye matamvua, au aliyelegea kiasi kwamba kifuniko cha matamvua hakichezi tena, huyo msimshushe. Mnapeleka mzoga chini ili tu msiuone.

Niseme wazi msimamo wangu, kwa kuwa umeuliza kama mwache kabisa. Kumshusha huongeza nafasi ya samaki kuishi, lakini hakumrudishi katika hali aliyokuwa nayo. Kama mnapenda kuvua kwenye mita 30, basi wekeni kikomo: kila mashua ichukue samaki wawili au watatu wa kipimo halali, kisha mshipi uingizwe ndani, samaki walale kwenye barafu, na jioni wapikwe mwaloni mle na wenyeji. Sangara aliyeliwa na watu kumi ana heshima kuliko sangara ishirini walioachiwa wakafa. Sioni aibu yoyote katika hilo, na nadhani vijana wenu watajifunza zaidi kwa kuona mtu mzima akisema "tumepata vya kutosha" na kukunja mshipi huku samaki bado wanauma. Kosa ni kuvua kwa idadi ya anayeachia na kwa kina cha anayeweka, yaani kuwapandisha samaki 60 kutoka chini kwa sababu "tutawarudisha".

Hilo linanipeleka kwenye zawadi. Mkimpa zawadi mwenye jumla kubwa ya uzito, mmemwambia kila mtu asiache kuvua hadi filimbi. Badilisheni: hesabuni urefu wa samaki wawili bora tu kwa kila mashua, na toeni zawadi nyingine kwa mashua iliyowarudisha samaki wake vizuri zaidi, kwa ushahidi wa picha na saa. Waandaaji wengi hushangaa jinsi tabia za mashuani zinavyobadilika kanuni ya zawadi inapobadilika.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza, na kwangu mimi ndilo zito kuliko yote uliyoyaandika. Mlitoka saa kumi alfajiri.

Ziwa hili hutengeneza hali yake ya hewa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa huvuma kutoka ziwani kwenda pwani, na mawingu makubwa hujengeka juu ya nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji yanabaki na joto lake, na hewa huteremka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa. Inapokutana hapo haina pa kwenda ila juu, ikiwa imebeba unyevu mwingi. Ndiyo maana dhoruba za radi za ziwani hutokea zaidi usiku na alfajiri, jambo ambalo wavuvi wa dagaa wanalijua tangu zamani na ambalo picha za setilaiti zimelithibitisha. Mnaposafiri saa kumi alfajiri kwenda nje ya mdomo wa ghuba, mnakwenda kuikuta dhoruba katika saa zake, gizani, msikoweza kuliona wingu linakotoka, mkiwa na vijana. Mwezi Machi mlirudi salama. Oktoba ndio mwanzo wa vuli.

Ondokeni baada ya kupambazuka, saa moja na nusu hivi, mtu akishaweza kuutazama upeo wa macho pande zote. Utabiri wa ziwa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe jioni iliyotangulia na tena asubuhi hiyohiyo, na awepo mtu mmoja, ambaye hashindani, mwenye mamlaka ya kuahirisha bila kubishiwa. Kila mtu avae jaketi okozi tangu mwaloni hadi mwaloni. Likiwa limekaliwa kama mto halimsaidii mtu yeyote. Wahesabiwe wanapotoka na wanaporudi, kwa majina. Mashua mbili kati ya zile 14 zisibebe fimbo wala mshipi, kazi yake iwe kuzunguka na kusaidia. Na mwambieni kila nahodha kwamba samaki mkubwa anapofika kando ya mashua, watu wote wasisimame upande ule kumtazama. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, tukapoteza zaidi ya watu 200 wakiwa wamekaribia kabisa kufika. Mashua yenye watu wanne hupinduka kwa sababu hizohizo, uzito uliozidi na uzito uliohamia upande mmoja.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuwamalizia, na kwa hayo tafuteni watu ana kwa ana. Nendeni kwa afisa uvuvi wa wilaya si chini ya mwezi mmoja kabla, muulize kuhusu leseni ya uvuvi wa burudani, maeneo yaliyofungwa, na hasa namna ya kushughulikia sangara aliye chini ya kipimo ambaye amefia mikononi mwenu, maana kumbeba ni kosa hata kama hamkukusudia, na ni vizuri utaratibu wake ujulikane mapema. Viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo mnaotumia washirikishwe tangu mwanzo. Wao wanajua miamba, wanajua wavuvi waliotega nyavu usiku, na watawaepusha na ugomvi wa mishipi kukata nyavu za watu. Mashua zikaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kama bado. Kama mnataka kujifunza kumpasua samaki na kulisoma bondo, au kufundishwa kumshusha kwa usahihi, ombeni mtaalamu kutoka TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, au mkufunzi wa chuo cha mafunzo ya uvuvi cha FETA, kampasi ya Nyegezi, aje atumie saa mbili pamoja nanyi. Na mtu akichomwa na mwiba wa pezi la mgongoni, au ndoana ikimwingia kwa kina, msimsubirishe hadi mashindano yaishe. Mkono unaovimba na kuwa mwekundu ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Msingoje Oktoba ndipo mlijaribu kreti. Mwezi Septemba chukueni mashua moja, siku tulivu, watu watatu tu. Vueni sangara wawili au watatu kwenye mita 20, mpime muda tangu ndoana inaposhika hadi kreti linapozama, na mwandike kila aliyeondoka na kila aliyerudi juu. Kama mmoja tu ataelea, mtakuwa na chakula cha mchana na somo la bondo kwa pamoja. Kama wote wataelea, basi Oktoba chagueni miamba ya mita nane, na kreti mlirudishe kwa mama muuza samaki mliyemwazima.